Honi Nyuma ya Jeneza

Nilipoondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, gari halikupunguza mwendo. Sentensi hiyo nimeiandika mara kadhaa katika daftari langu, na kila nikiisoma naona haitoshi. Mguu wangu haukuwa umeigusa pedeli. Niliuangalia. Kisigino kilikuwa sakafuni, vidole vimeinuka, na chini ya vidole pedeli ilikuwa imelala vilevile kama vile mtu bado ameikanyaga. Injini iliendelea kunguruma kwa nguvu ileile niliyoipa ili tupande kilima, ila kilima kilikuwa kimekwisha na sasa tulikuwa tunashuka.

Ilikuwa mwezi wa saba, saa tatu kasoro asubuhi, kwenye barabara ya udongo inayotoka Likawage kuelekea pwani. Kulikuwa na baridi na mawingu mazito, na tulikuwa tumefunga vioo vyote. Ndani ya gari tulikuwa watatu. Mama alikaa mbele, kushoto kwangu. Nyuma alikaa mjomba, kaka yake mama, mkulima wa korosho, ameegemea nusu gunia la salfa kama mtu aliyeegemea mto. Salfa ni ule unga wa manjano tunaoupulizia mikorosho ikianza kutoa maua, ili isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Alikuwa anampelekea binti yake anayeishi Tingi. Gunia lilikuwa limefungwa mdomo kwa kipande cha kanga, na halikufungwa vizuri. Tangu tulipoondoka tulikuwa tunapiga chafya kwa zamu.

Kabla ya kuendelea na mteremko ule, inabidi nieleze jambo la jana yake.

Gari langu ni dogo, la zamani, lile la gia za kujibadilisha zenyewe. Wiki nzima iliyotangulia nilikuwa nimemwachia mjomba alitumie kusomba salfa kutoka barabarani hadi mashambani, na niliporudi kulichukua nilikuta pedeli ya mafuta imekuwa nzito, inalia kila ukiikanyaga. Nikasema ngoja nitafute fundi nikifika Nangurukuru. Mjomba akasema fundi wa nini.

"Waya wa pedeli umekauka tu huo," alisema. "Unataka mafuta."

"Mafuta gani, mjomba? Grisi hapa iko wapi?"

"Grisi inashika vumbi. Mafuta ya nazi ni masafi, hayana kemikali. Cherehani la marehemu shangazi yako nililitia mafuta ya nazi miaka thelathini, limeshona sare za shule za kijiji kizima."

Mama aliyekuwa anachambua mbaazi kibarazani akasema, "Kaka, cherehani halina matairi."

"Na wewe huna leseni," mjomba akamjibu.

Akaleta chupa. Akaufungua waya upande wa injini, akauinua, akamimina taratibu, huku mimi nimeshika ncha ili isianguke. Jua lilikuwa kali, mafuta yalikuwa mepesi kama maji, na baada ya dakika chache pedeli ikawa laini ajabu. Nilimshukuru. Nataka hilo lijulikane: nilimshukuru, na nikasema mbele ya mama kwamba kumbe nilikuwa natupa hela zangu kwa mafundi bure.

Sasa narudi kwenye mteremko.

Nilifanya mambo kwa mpangilio huu. Kwanza niliigonga pedeli mara mbili, haraka, nikidhani itaruka juu. Haikuruka. Pili nikakanyaga breki. Gari likapungua kidogo, kisha likaanza kupingana na mimi, linavuta mbele na kutetemeka, na harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani. Nikaiachia breki, nikaikanyaga tena, nikaiachia, nikaikanyaga. Mara ya tatu breki ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Tatu, niliingiza kidole gumba cha mguu chini ya pedeli nikajaribu kuinyanyua. Nilikuwa nimevaa viatu vya kamba, ukucha ukang'oka nusu. Sikusikia maumivu. Niliona damu jioni.

"Unakimbilia nini?" mama aliuliza.

"Mafuta hayarudi."

"Hayarudi wapi?"

Ndipo nilipowaona watu.

Walikuwa wametokea kwenye njia ya miguu upande wa kulia, chini kabisa ya mteremko, na walikuwa wameshaingia barabarani. Wanaume kama arobaini, kanzu na kofia, wengine wamevaa koti juu ya kanzu kwa ajili ya baridi. Mbele yao jeneza lilikuwa mabegani, limefunikwa kitambaa cha kijani. Walikuwa wanatembea kwa haraka ile ya mazishi na sauti zao zilikuwa zimepanda kwa tahalili, wanaitikiana, hivyo sidhani kama walisikia chochote cha nyuma yao. Hata kama walisikia, hawakuwa na sababu ya kugeuka.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mtu wa mbali huenda asilielewe. Huku kwetu jeneza halipishi gari. Gari ndilo linalosimama. Dereva anazima injini, wanawake wanajifunika vichwa na kunyamaza, wanaume wanashuka na kwenda kutia bega hatua chache, hata kama marehemu hawamjui jina, kisha wanarudi na safari inaendelea. Sijawahi kuona gari likilipita jeneza. Sijawahi kusikia limepigiwa honi. Kwa hiyo wale watu waliojaza barabara kutoka ukingo hadi ukingo walikuwa salama kabisa katika mawazo yao. Kelele ya injini nyuma yao maana yake ilikuwa moja tu, kwamba amekuja dereva na sasa hivi atazima.

Upande wa kushoto kulikuwa na korongo lililochimbwa na maji ya masika, lenye kina cha kumfikia mtu kiunoni. Upande wa kulia kulikuwa na mikorosho, imekaribiana, matawi yameshuka hadi chini. Nilitazama huku, nikatazama huku. Nilifikiria kuzima kwa ufunguo, nikakumbuka mtu mmoja aliniambia zamani kwamba ukizima gari likiwa mbioni usukani unajifunga. Baadaye nimeelezwa kwamba usukani haujifungi mpaka uchomoe ufunguo, unakuwa mzito tu. Lakini asubuhi ile nilikuwa naijua ile habari ya kwanza, na mkono ulikataa kwenda kwenye ufunguo.

Nikapiga honi.

Nilisikia mjomba nyuma akisema, "We! We! Unapigia nini? Maiti ile!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika, si ya mtu aliyeogopa. Hakuwa amejua bado.

"Gari halisimami, mjomba."

"Lisimamishe!"

Niliibonyeza honi nikaiacha imebonyezwa. Watu wa nyuma wakageuka. Nakumbuka nyuso zao na nitazikumbuka siku zote, maana mwanzoni hazikuwa na hofu. Zilikuwa na hasira, na mshangao, kama mtu aliyetukanwa msikitini. Ilichukua muda, labda kupepesa macho mara mbili, kabla ya wa kwanza kuelewa. Huyo akaruka kwenye korongo. Wengine wakamfuata, wengine wakaingia chini ya mikorosho, kofia zinadondoka. Barabara ikafunguka katikati kama pazia, na katikati wakabaki wasioweza kukimbia: wanaume wa chini ya jeneza, wamekunja shingo, wamesimama. Na nyuma yao, kati yao na mimi, mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo. Alikuwa amegeuka ananitazama. Hakusogea.

"Weka ile ya kibendera!" mama alipiga kelele.

Sikuelewa.

"Ile ya kibendera! Unayoweka tukisubiri kibendera!"

Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli. Lakini kila tunapokwenda Lindi, pale wanapojenga upya madaraja, kuna kijana mwenye kibendera chekundu anayetusimamisha tupishane na magari ya upande wa pili, na hapo mimi huwa nasukuma gia kwenda mbele kidogo, kwenye ile nafasi ambayo injini inanguruma lakini magurudumu hayavutwi. Mama alikuwa ameliona hilo mara zote na hakuwahi kulisema. Sasa aliishika gia mwenyewe, kwa mkono ulioshika pia tasbihi, akaisukuma.

Injini ikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia katika chombo chochote. Lakini ule mvuto wa mbele ukakatika. Nilipanda juu ya breki kwa miguu miwili, nyonga zimeinuka kitini, na gari likaanza kuburuzika, likapinda, tako likatangulia kuelekea mikorosho. Nyuma kitu kizito kiliruka. Kila kitu kikawa cha manjano. Tukasimama.

Nikazima kwa ufunguo.

Baadaye nilipima kwa hatua zangu kutoka kwenye bampa hadi pale ilipokuwa alama ya fimbo ya yule mzee kwenye udongo. Hatua tisa.

Tahalili ilikuwa imekatika. Ukungu wa salfa ulikuwa unatoka madirishani nilipoteremsha vioo, na macho yalituwasha kiasi kwamba niliwaona watu wakija kupitia machozi. Kijana mmoja alifika kwanza.

"Dada, una akili kweli? Unapigia honi maiti? Ulitaka akupishe?"

"Pedeli imenasa," nilisema. "Pedeli ya mafuta. Haikurudi."

Akafungua mlango, akainama miguuni kwangu, akaibonyeza pedeli kwa kiganja. Ilishuka. Akaiachia. Ikapanda. Kwa uvivu, lakini ikapanda mpaka mahali pake.

"Mbona inarudi?"

Naandika hapa kwamba katika yote ya asubuhi ile, hilo ndilo lililonivunja nguvu kuliko mengine. Niliitazama pedeli. Ilikuwa juu, imetulia, kama kitu ambacho hakijafanya lolote. Wanaume walikuwa wamelizunguka gari, na niliona katika macho yao kwamba nimekwisha kuwa mwanamke wa mjini aliyekuwa na haraka zake.

"Nilikuwa nimeinua mguu," nilisema. "Wallahi nilikuwa nimeinua mguu."

"Nimeuona mimi," mama akasema. "Mguu ulikuwa juu."

"Wewe si mama yake? Utasemaje?" yule kijana akamjibu.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka na mjomba akashuka. Gunia lilikuwa limepasuka juu yake. Kofia, nyusi, ndevu, koti, vyote vilikuwa vya manjano. Ndani ya manjano hayo macho mawili mekundu. Akasimama, akajinyoosha, akasema, "Assalaam alaykum, jamani. Poleni na msiba." Kisha akapiga chafya mara nne.

Mtu mmoja kwenye korongo akauliza, "Huyu naye katoka kaburi gani?" na kuna waliokohoa ili wasicheke.

Mtu mzima mmoja, kanzu yake ina doa la oili kwenye mkono, akawapita wengine akaniambia nifungue boneti. Alikuwa fundi wa pikipiki wa kijiji kile. Akaikunja kanzu hadi magotini, akauvuta waya wa mafuta kutoka kwenye mrija unaoufunika, akaupitisha kati ya vidole viwili, akavitazama vidole. Kulikuwa na utomvu mzito, wa manjano, kama siagi iliyochanganywa na unga. Akanusa.

"Nani katia mafuta ya nazi humu?"

Mjomba alikuwa anajipangusa ndevu. Akaacha kujipangusa.

"Sema, kaka," mama alisema. "Sema kama ulivyosema jana."

"Cherehani halikuwa na neno," mjomba alisema polepole.

"Mzee wangu," fundi alisema, "cherehani likinasa unaharibu kitambaa. Hili likinasa unaharibu nani?" Akavinyanyua vidole ili wote waone. "Mafuta ya nazi asubuhi ya baridi yanaganda, waya unanasa, ukitikiswa unaachia. Si mnayaona kwenye chupa nyumbani? Na salfa imeingia humohumo. Hii dawa ya upele hii. Mmetengeneza dawa ya upele ndani ya waya wa gari."

Ilikuwa kweli. Kila mtu pale amepakwa dawa ile utotoni, salfa na mafuta ya nazi, usiku unalala unanuka hivyo hivyo. Yule kijana aliyenifokea alishika waya akanusa naye, akanitazama, akaenda kuokota kofia yake. Nikasema kwa sauti kwamba mjomba hakuwa peke yake, kwamba mimi ndiye niliyeshika ncha ya waya. Nilisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mjomba alikuwa ameanza kuonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Maiti anasubiri," sauti ikatoka mbele.

Wale waliobeba hawakuwa wamelishusha jeneza muda wote huo. Wengine wakaenda kuwapokea mabega. Mjomba naye akaelekea huko, kama inavyompasa mwanamume aliyekutana na jeneza njiani, na mtu akamwambia, "Mzee, hivyo hivyo? Utampaka salfa marehemu." Akarudi, akachukua dumu letu la maji ya kunywa, akanawa mikono, uso na shingo, akavua koti akaliacha juu ya boneti, akaenda kutia bega. Hakurudi baada ya hatua chache. Alikwenda nao mpaka kaburini.

Fundi alituambia tusiguse kitu, akirudi atausafisha waya kwa petroli na kuutia oili ya kweli. Mama akajifunga kanga upya.

"Twende msibani," alisema.

"Mama, watatuonaje?"

"Watatuona tumekuja. Au unataka tukae humu garini kama watalii?"

Nyumba ya msiba haikuwa mbali. Habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Tulipoingia uani, mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta mchele alimwuliza mwenzake, bila kushusha sauti, "Ndiyo wenye honi hawa?" Mama akajibu yeye mwenyewe, "Ndiyo sisi. Poleni sana," akaketi jamvini, akavuta ungo wa mchele, akaanza kuchagua mawe. Nikaketi karibu yake. Nilichagua mawe pia. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na nakumbuka niliishangaa.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini walikaa upande wao, chini ya turubai. Yule mzee mwenye fimbo alikaa mwisho wa jamvi, karibu na ua, na watu walikuwa wanamwendea kumpa mkono wa pole. Nikamwuliza mwanamke aliyekuwa anapepeta ni nani. Akasema ni kaka wa marehemu, ndiye mkubwa wao aliyebaki.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda mpaka mwisho wa jamvi, nikachutama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ndiye dereva."

"Ndiyo, babu. Nimekuja kuomba radhi."

"Nimeambiwa habari ya waya. Allah amewasitiri, ametusitiri na sisi."

Nilipaswa kushukuru na kuondoka. Lakini nina tabia ya kuuliza.

"Babu, wenzako wote waliruka. Mbona wewe hukusogea? Hukuniona?"

"Nilikuona vizuri." Aliiweka fimbo juu ya magoti. "Nilitazama wale wenye jeneza, nikaona hawawezi kukimbia. Wakikimbia, mdogo wangu ataanguka barabarani. Nikasema basi, gari likifika, lianze na mimi. Likinikuta mimi kwanza litapungua nguvu kidogo."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia hii akaacha ile. Mwili wake wote haukuwa na uzito wa gunia la korosho.

Hapo ndipo mikono ilipoanza. Kwanza vidole, kisha vifundo, kisha mpaka mabega, nikaiweka kati ya magoti nikaibana na bado ilitetemeka. Mzee aliitazama, akageuza uso upande wa jikoni.

"Huyu amekula?" aliuliza.

"Bado," mtu akajibu.

"Mleteeni."

Walileta wali na maharage kwenye sahani ya bati. Nilinyoosha mikono kuipokea, na bati likaanza kugonga pete yangu, linalia. Mama alinyanyuka kutoka kwa wanawake, akaja akaipokea sahani, akachutama mbele yangu, akaishika mpaka nilipomaliza.